Mguu wa Zawadi

Katika karakana ya hospitali kuu alikuwapo mwanamke mmoja aliyetengeneza miguu ya bandia. Watu wote walimwita Fundi, na hata marehemu mumewe alimwita hivyo hivyo. Baba yake alikuwa mshona viatu, na Fundi alipenda kutania kwamba yeye amepanda cheo, ametoka kwenye kiatu akafika kwenye mguu. Mikono yake ilijaa makovu ya moto, maana plastiki hutoka kwenye oveni ikiwa laini kama ngozi na kali kama pasi, na lazima uivishe juu ya umbo la plasta upesi kabla haijakakamaa.

Kila kitu katika karakana ile kilitoka kwa taifa moja kubwa la ng'ambo: oveni, plastiki, nyayo za mpira, mishahara, hata masomo aliyosomea Fundi. Kila mguu ulibandikwa bendera ndogo ya taifa hilo chini ya goti. Wagonjwa walilipachika jina la Mkwe. Walisema ni mtu wa kuitikiwa kwa heshima tu, humwulizi jambo.

Ndege za serikali nazo zilitoka kwa Mkwe, na hilo halikuwa siri. Zilipokabidhiwa, televisheni ilimwonyesha waziri akipeana mkono na balozi chini ya bawa. Ndege zikaenda kuwapiga waasi wa kaskazini, na haukupita muda watu wa kaskazini wakaanza kuingia karakanani kwa magongo. Fundi aliwapima, akawashikisha vile vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, akawaambia wasitazame chini. Alijiambia kuwa kazi yake ni kuwasimamisha; aliyewaangusha ana Mungu wake.

Kisha likamfika mwenyewe.

Mdogo wake wa kiume alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi, ambaye wateja wake walikuwa wakikaa kitini hata baada ya kunyolewa. Alikwenda kaskazini pamoja na mke wake kumzika mama wa mke huyo. Walipokuwa sokoni kununua sanda, ndege ikapita mara moja, ikageuka, ikapita tena. Redio ikasema kambi ya waasi imeteketezwa. Kinyozi alirudishwa juu ya lori la mkaa, mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti. Mke wake hakurudi.

Fundi alimtengenezea mguu kwa mikono yake mwenyewe. Alipofika kwenye kubandika bendera aliishika kwa muda kidoleni, halafu akaibandika. Ilikuwa amri, na mkurugenzi alikuwa akikagua.

Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba balozi atatembelea karakana pamoja na waandishi wa habari. Mkurugenzi alitaka mgonjwa mmoja wa kutembea mbele ya kamera na kutoa shukrani. "Yule mdogo wako anajua kuongea," alimwambia Fundi. "Na fungu la msaada la mwaka kesho halijasainiwa. Unanielewa."

Alielewa. Jioni alikwenda kwenye kibanda cha kinyozi, akamkuta akipangusa mashine.

"Dada, unataka nimshukuru nani?"

"Usimshukuru mtu. Sema tu kwamba mguu unakufaa."

"Wakiniuliza ule mguu wangu ulikwenda wapi?"

Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja. "Mdogo wangu, kuna watoto wanasubiri pale benchini. Mtoto mguu humwia mdogo kila baada ya muda mfupi, kama kiatu. Wakifunga mkono, nitawaambia nini?"

Kinyozi alikunja kitambaa taratibu. "Haya. Nitakuja. Lakini nakuja kwa ajili yako, si kwa ajili yao."

Balozi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Hakujivuna. Aliwasalimia wagonjwa mmoja mmoja, na kinyozi alipomaliza kutembea kati ya vyuma, kamba ya kiatu chake ikiwa imelegea, balozi alipiga goti sakafuni akaifunga kwa mkono wake. Kamera zikamulika. Akiwa bado chini pale, akainua uso akauliza, na mkalimani akatafsiri:

"Mheshimiwa anauliza, mguu uliupoteaje?"

Kinyozi alifungua mdomo. Mkurugenzi akamtazama Fundi. Fundi akasema haraka, kabla ya mdogo wake:

"Ajali."

"Pole sana," balozi alisema, akimgusa kinyozi goti la plastiki.

Kinyozi alifunga mdomo. Hakusema tena neno siku ile, na waandishi wakaandika kwamba alizidiwa na furaha. Picha ilikuzwa ikatundikwa kwenye ukuta wa hospitali: balozi amepiga goti, kinyozi amesimama. Kwa muda mrefu Fundi alipita mlango wa nyuma.

Fungu likasainiwa. Fundi alifanya kazi mpaka vidole vikafa ganzi, kana kwamba kila mtoto aliyesimama alikuwa anamlipia neno lile. Kinyozi alimpokea alipomtembelea, akampa kiti, akamwitikia salamu. Maneno mengine aliwawekea wateja.

Halafu serikali ikapiga kura kinyume na Mkwe katika mkutano wa mataifa, juu ya vita vya nchi ya mbali ambayo Fundi asingeweza kuionyesha kwenye ramani. Mkwe akakasirika, akasitisha misaada yote. Vipuri vya ndege viliendelea kuja. Hivyo, redio ilieleza, ni biashara, na mkataba una heshima yake.

Plastiki ikaisha. Mafundi wenzake wakaachishwa kazi. Balozi alikuja kuaga, safari hii bila kamera, na mkalimani wake tu. Alionekana mtu aliyekosa usingizi. Alisema amejitahidi kuandika, kuomba, kubishana. Uamuzi umetoka juu.

Fundi alimsikiliza akiwa amesimama kando ya oveni iliyopoa. "Mwambie Mheshimiwa," alisema, "yule kinyozi ni mdogo wangu. Sikusema kweli. Haikuwa ajali, lilikuwa bomu. La kwao."

Mkalimani alisita, akatafsiri. Balozi hakushtuka. Aliinamisha macho, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema alijua," mkalimani alisema. "Anasema, siku ile alikushukuru moyoni kwa kujibu vile."

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Aliona ni haki yake kujua, au pengine alitaka kugombezwa, yaishe. Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kigoda, kwa sababu kigutu kilikuwa kimesinyaa, mguu unacheza, na plastiki ya kutengeneza mwingine haikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mlielewana," alisema.

"Mdogo wangu—"

"Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Wewe na yeye mlikuwa mmeshaelewana."

Fundi akaketi kwenye kiti cha wateja, akalia. Kinyozi alimwacha alie, hakumfukuza, hakumbembeleza.

Sasa Fundi anafanya kazi nyumbani, uani. Watu wakizika ndugu aliyekuwa na mguu wa bandia, humletea ule mguu, naye huupasua, huupunguza kwa tupa, humvisha aliye hai. Bendera huzikwangua kwanza. Hivi karibuni uliletwa mguu wa dereva mmoja mzee, wa kushoto, wa juu ya goti, akamwita mdogo wake aje aujaribu. Alikuja. Alikaa akiangalia ukuta wakati dada yake amepiga magoti mbele yake, akikaza mikanda.

"Unabana?"

"Unabana."

"Wapi?"

Kinyozi aliendelea kuangalia ukuta. "Kote," alisema, na Fundi akauvua, akaanza upya kuukwangua.