Maua Yaliyopanda Antena

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani na kusahau njiani nilichotumwa, Mama alirudi kutoka soko la Kibuye amekumbatia kopo la mafuta ya kupikia lenye mche wa ua, na ua hilo nusura litugawanye nyumba nzima.

Lilikuwa alamanda, ua la kutambaa linalotoa maua makubwa ya njano yenye umbo la tarumbeta. Mama aliuza mitumba ya watoto hapo Kibuye. Siku hiyo marobota yake yalisukumwa na mtu wa mkokoteni, lakini kopo alilibeba mwenyewe. Tulikuwa tumepanga nyumba mtaa wa Migosi, na uwanja wetu wa mbele ulikuwa mdogo, ukianika mashuka huna pa kupita. Mtu mwingine angepanda sukuma wiki. Lakini Mama ni Mtaita, amezaliwa milimani kule Wundanyi, na hadi leo akiona udongo umekaa bure hukasirika kana kwamba ametukanwa yeye.

Alamanda halina mikono ya kujishikilia kama pasheni. Usipolifunga linalala chini. Basi Mama alilipandisha ukutani kwa subira, akilifunga kwa vitambaa alivyochana kutoka kwenye fulana zisizonunulika, fundo legelege ili shina lisinyongeke. Alilimwagilia maji ya mwisho ya kusuuzia nguo, yasiyo na sabuni. Alilizikia maganda ya mayai na majani ya chai. Siku ya kupogoa alitufukuza sisi watoto, maana utomvu wake mweupe unawasha vibaya. Baba, ambaye alikuwa fundi wa friji na mtu wa mzaha, alisimama mlangoni na kusema, "Mimi nimeoa huyu mwanamke miaka hii yote na sijawahi kuzungumziwa kwa sauti nyororo namna hiyo."

Ukuta ulipoisha, Mama akaangaza macho, akauona mlingoti wa antena. Ulikuwa mti mrefu wa mkaratusi ambao Baba aliusimamisha kando ya nyumba na kuukaza kwa waya kwenye ukingo wa paa, ili televisheni ishike vizuri. Mama akalielekeza ua lake huko. Mvua za masika zilipoanza, maua yalikuwa yamepita paa na yanaonekana tangu barabarani.

Mvua hizo hizo zikaijaza Ahero maji. Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu, mama mzazi wa Baba, alikuwa mjane anayeishi peke yake huko kwenye tambarare ya Kano, na mto ulipoingia jikoni kwake akaja kwetu na godoro lililolowa na kuku mmoja aliyenuna. Ng'ombe wake alimwachia jirani mwenye kiwanja kilichoinuka.

Hata mzigo hakuwa ameutua. Alitazama juu ya paa, akauliza kwa Kiswahili, lugha ambayo aliitumia kwa Mama tu, na mara nyingi wakigombana, "Nani amefunga osuri ya mtoto wangu?"

Nieleze. Osuri ni ule mti uliochongoka unaosimama juu kabisa ya paa la nyumba ya Mjaluo mwenye boma lake. Ndiyo alama kwamba mwanamume wa hapa yupo hai. Akifa, huondolewa.

"Hiyo ni antena, Mama," mama yangu akacheka. "Ni ya televisheni."

"Inasimama juu ya nyumba ya nani?"

"Ya mwanao."

"Haya basi."

Dani akasema kwamba boma likihamwa, watu wake wakiisha, mimea ya kutambaa ndiyo huja kukaa humo. Hupanda ukuta, hupanda paa, na ikishaishika osuri na kuiangusha, hapo pamekwisha, mwenye nyumba hana siku nyingi. Alitaka ua likatwe kabla ya jua kutua.

"Nyumba yenyewe ni ya kupanga," Mama akajibu. "Kama ni kufa, si afe landilodi!"

Mimi nilicheka. Dani akanifinya paja, na mkono wa Dani ulikuwa haufinyi kwa utani.

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Dani aliota jua akilipa ua mgongo. Mama, mtu wa kanisa na kiburi chake kidogo, alipanda juu ya pipa la maji na kufunga kitambaa kingine juu zaidi, huku akiimba pambio kwa sauti ili asikike. Baba alikula haraka na kwenda kazini mapema.

Kisha Dani akaanza kumuwaza ng'ombe wake. Kila mlo alikuwa anamtaja. Mwishowe akamwambia Baba aende Ahero amlete, au amhamishie kwa shangazi yetu upande wa juu. Mama akasema maji bado hayajashuka, asubiri. "Amekulia kwenye maji hayo," Dani akajibu. Asubuhi Baba akakunja suruali, akatuchekesha kwa kutembea kama korongo uani, akaondoka.

Alasiri ukavuma ule upepo wa ziwani unaokuja mbele ya mvua. Nilikuwa natazama katuni, picha ikawa chenga. Nikasikia mlio wa waya ukikatika, kisha kishindo juu ya bati. Tulipotoka nje, mlingoti ulikuwa umelala juu ya paa, umelemewa na alamanda lililolowa, na maua ya njano yametapakaa kila mahali.

Dani alikuwa anachambua mboga. Aliweka mikono kichwani. Nilimngoja apige nduru nzima Migosi isikie, lakini hakupiga, na hapo ndipo mimi nilipoogopa kweli.

"Ni mimi nimemtuma," alisema.

Mama akampigia Baba simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena, akapiga tena, sauti ni ile ile. Basi mama yangu, aliyetaka landilodi afe, akaingia ndani na kutoka na panga. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alilirukia ua lake mwenyewe, ua alilolibeba kifuani kutoka Kibuye, akaanza kulifyeka ili auondoe mlingoti pale juu.

Dani akamshika mkono. "Acha! Ukiitoa hapo umemzika! Osuri inatolewa mtu akishakufa. Huyu hajafa. Hajafa, Mama Atieno!" Atieno ndiye mimi.

Nilijua Mama atamjibu kwa mstari wa Biblia. Badala yake alitupa panga chini. "Sasa tufanye nini?"

"Tuisimamishe."

Na wakaisimamisha, wanawake wawili ambao kwa siku kadhaa walikuwa hawaombani hata chumvi. Dani alikumbatia mti kifuani. Mama alipanda juu ya pipa, akaufunga kwenye nondo za dirisha kwa vile vitambaa vya fulana, huku mvua ikimpiga usoni. Mimi nilishikilia pipa.

"Shika hapo, Mama."

"Nimeshika, nyathina. Kaza."

Nyathina ni kusema mwanangu. Sikuwahi kumsikia Dani akimwita hivyo kabla ya hapo. Utomvu uliwatiririkia mikononi na wote wawili wakawa wanajikuna, hakuna aliyelalamika.

Usiku hatukulala vizuri. Kulipokucha mti ulikuwa umeanza kuinama tena, simu bado mteja, na wakarudi kila mtu mahali pake, mmoja amekumbatia mti, mwingine juu ya pipa na kitambaa mdomoni. Hivyo ndivyo Baba alivyotukuta. Aliingia getini, matope hadi kiunoni, viatu mkononi, akasimama, akatutazama sisi, akatazama juu.

"Mnatafuta stesheni gani?"

Mama aliteremka kwenye pipa hovyo, akaketi chini kwenye tope, akalia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilimrukia Baba kiunoni na kupaka gauni langu matope yote ya Ahero. Jamani, yale matope yalikuwa matamu! Dani peke yake hakuacha mti. "Njoo ushike mwenyewe," alisema, na Baba alipoushika ndipo akauachia na kumpapasa mwanawe kichwa, mabega na masikio, kama mtu anayekagua mtoto aliyeanguka.

Baba akaeleza kwamba simu ilitumbukia majini, barabara ikakatika, akalala kanisani na watu wengine. Kisha akashusha sauti. "Mama, kuhusu ng'ombe..."

"Nimekuuliza ng'ombe?"

"Hapana, lakini maji yali..."

"Mimi nimekuuliza ng'ombe?"

Chai ikapikwa, na Dani akainywa na sukari nyingi.

Alamanda lilipunguzwa na kuelekezwa kwenye uzio wa michongoma, Dani akisimamia. Lilichipuka vizuri. Dani hakukubali hata siku moja kwamba ule mti ni antena, na Mama hakukubali kwamba ni osuri, lakini kuanzia hapo walibishana kama watu wanaopendana.

Huwa naulizwa kama naamini mambo hayo. Zamani nilikuwa najibu upesi kwamba siamini, nimesoma. Siku hizi sijibu upesi. Majuzi kijana wangu alisafiri kutoka Busia na gari likaharibika njiani, simu yake ikazima. Mume wangu akataka kuondoa sahani yake mezani, chakula kimeshapoa. Nikamwambia aiache hapo hapo. Akanishangaa, nami sikumweleza. Kijana alipoingia nilimwambia anawe mikono, na nikaenda chumbani kukaa kidogo.