Unyayo Chini ya Gunia

Mwanzoni mwa kiangazi hiki kaka yangu alinipigia simu akasema anataka kumwaga zege uwanja mzima wa nyumba ya bibi kule Baraka, kando ya ziwa, maana vumbi limemchosha. "Kama unataka vile vipande vyako vya kitoto, uje uvichukue mbele ya Jumamosi." Rafiki yangu, hivyo anavyoviita vipande vya kitoto ndiyo kazi ya kwanza ya mikono yangu ambayo haikuwa kufua, kusenya kuni wala kutwanga sombe, majani ya muhogo. Kesho yake nilipanda gari kutoka Bukavu.

Huku Bukavu majirani wananijua kwa kazi hiyo. Jumapili baada ya misa hukaa barazani na ubao wangu, nikipanga vipande vya karo, vile vigae vya sakafuni, na vya chupa mpaka atokee samaki au ndege. Wanakuja kuniuliza mtu aanzie wapi. Nawaambia watafute nyundo, koleo, simenti kidogo na gunia. Funika karo kwa gunia kabla hujapiga, vipande visikurukie machoni. Nikishasema habari ya gunia nanyamaza, na wao hudhani nimechoka na maswali.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Vita vilikuwa vimetulia kidogo, na sisi tulikuwa tumesharudi kutoka milimani, upande wa Fizi, tulikokimbilia: bibi, mimi na kaka. Asubuhi uwanja ulinuka ndagala, dagaa wa kwetu, walioanikwa na mawese yanayochemka, na kutoka ziwani tulisikia injini za mitumbwi mikubwa zikikohoa kabla ya kuwaka. Lakini nyumba nyingi za majirani zilikuwa kuta tu. Mabati yalishachukuliwa, majani yameota pale watu walipokuwa wakila. Tulicheza vyumbani mwa watu bila kupiga hodi, na hakuna aliyetuambia kwamba hilo ni jambo la kuogopesha.

Mwaka huo misheni walikuwa wanatengeneza sakafu ya kanisa. Karo zilitoka Uvira kwa lori, na barabara ile unaijua, nusu zilifika zimevunjika. Fundi hakulalamika. Alipanga vipande vilevile kwenye simenti mbichi, na mbele ya altare pakaota jua la njano na jekundu ambalo hakuna karo nzima ingeweza kulitoa. Nilikuwa naenda kumtazama kila nikitoka shuleni. Siku moja alinipa kipande nikiweke mwenyewe, nikakisukuma kwa nguvu, akanishika mkono.

"Usisukume. Geuza tu, itaingia. Na acha nafasi. Bitu bikigusana sana binapasukaka."

Basi nikataka jua langu mwenyewe, uwanjani kwa bibi, mbele ya mlango wa jiko. Fundi alinipa simenti iliyobaki kwenye mfuko. Chupa za kijani na za kahawia niliokota ufukweni, zimelainishwa na maji mpaka hazikati. Rangi ya kijivu niliikosa. Nikaenda kwenye nyumba iliyoanguka, ya jirani yetu wa karibu, ambaye watu walisema yuko ng'ambo ya ziwa kambini. Baraza yake ilikuwa ya simenti na mizizi ilikuwa imeinyanyua vipandevipande. Nikachukua bamba la kwanza, nikalifunika kwa gunia kama nilivyofundishwa, nikapiga nyundo mpaka likavunjika.

Nilipofunua nikaona kwenye kipande kimoja kidole gumba cha mguu. Kimebonyea ndani ya simenti, na alama ya ukucha ipo. Sikukielewa. Nikanyanyua bamba la pili, lililokuwa kando, na hilo lilikuwa na unyayo mzima wa mtoto, mguu wa kushoto. Nikavua kandambili nikaweka mguu wangu mle. Uliingia kisigino hadi vidole, kana kwamba nimeutoa mle dakika ileile, na simenti ilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa la saa sita.

Niliubeba nyumbani nikauweka katikati ya jua langu. Nilidhani bibi angefurahi. Alitoka jikoni na mwiko wa bugali mkononi, akautazama, akakaa chini palepale.

"Umetosha hii wapi?" aliuliza, yaani nimeitoa wapi.

"Ku nyumba ya pale, koko," nilimjibu bibi.

"Unyayo ya muntu haibebwi, mutoto. Umetuletea muntu hapa mu lupango, mu kiwanja yetu."

Lakini simenti ilikuwa imeshashika. Tangu siku hiyo bibi alipofagia aliuzunguka. Hata kuku, na kuku wa bibi walikuwa wanaingia mpaka chini ya vitanda, walipita pembeni. Asubuhi tuliukuta una maji ndani, kiangazi, bila mvua. Kaka alisema ni umande. Umande gani, rafiki yangu, unaojaza mguu mmoja na kuacha sufuria iliyo kando yake kavu?

Kiangazi kilichofuata yule jirani akarudi kwa boti pamoja na watu wengine wa ng'ambo. Alirudi peke yake. Watu wakanong'onezana ili sisi watoto tusisikie, kwa hiyo tulisikia yote: siku ya kukimbia, kwenye msukumano wa kuingia mitumbwini, mkono wa mtoto ulimponyoka. Mwanawe wa pekee, wa kiume. Hakuna aliyemwona amekufa, hakuna aliyemwona hai. Zamani aliitwa mama fulani kwa jina la huyo mtoto, na sasa hakuna aliyethubutu kulitamka. Akawa Mama wa ng'ambo.

Alikuja kumsalimia bibi mchana mmoja. Aliuona unyayo kabla hajamaliza salamu. Hakulia. Alifungua pindo la kitenge akatoa kijiti cha tete, kirefu kidogo kuliko kiganja chake, akainama akakilaza ndani ya unyayo. Kililala sawasawa, hakikupungua wala kuzidi. Unakumbuka wazee wetu walivyotupima miguu kwa tete au uzi, halafu wakabeba kile kipimo sokoni?

"Nilimupima ile siku yenyewe," alimwambia bibi. "Nilikuwa naenda ku soko kumutafutia biatu. Mi niko na hii kijiti mpaka leo." Kisha akatazama huku na huku. "Alisimama mu simenti na miguu mbili, baba yake akamukemea. Ya kuume iko wapi?"

Bibi akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

Kuanzia hapo Mama wa ng'ambo alichimba. Kila siku saa sita mchana, watu wote wakiwa kivulini, tulisikia jembe lake kwenye ile baraza iliyovunjika: ko, ko, ko. Alikuwa amejiambia kwamba akiipata miguu yote miwili, mtoto yupo anatembea, na akiukosa mmoja, basi. Alimwambia bibi hivyo waziwazi. Na ule mguu nilikuwa nimeuvunja mimi, chini ya gunia, na vipande vyake nilivitawanya kwenye pembe za jua langu. Niliona haya mpaka chakula kikanishinda, mimi ambaye kwa samaki mikebuka wa kukaanga sikuwa na adabu.

Nikaanza kuving'oa kwa siri kwa msumari na jiwe. Kidole gumba. Kisigino. Vingine nilivipata nyuma ya jiko, nilikokung'utia gunia. Nakuambia ukweli, hapo ndipo nilipojifunza kazi hii, si kanisani. Siku kadhaa niligeuza na kugeuza mpaka kila kipande kikampata jirani yake. Fundi akanipa tena simenti, bila kuuliza. Nikaupanga mguu wa kulia kando ya ule wa kushoto, na kati ya vipande nikaacha nafasi ya punje ya mahindi, kama nilivyoambiwa.

Nilipomaliza nikaona kosa langu. Punje hii na punje ile zilikuwa zimejumlishana. Mguu wa kulia ulikuwa mkubwa kuliko wa kushoto. Nikataka kuvitoa nianze upya, lakini simenti ilishakauka, na jembe kule jirani lilikuwa limenyamaza. Mama wa ng'ambo alikuwa amesimama nyuma yangu.

Alitoa kijiti. Akakilaza kwenye mguu wa kulia, kisigino na kisigino. Hakikufika vidoleni. Akakisogeza, akapima tena. Nilikuwa nimeshafumba macho nikisubiri kofi, nikasikia anacheka, kicheko kidogo kama cha mtu aliyeitwa kwa jina lake la zamani.

"Mama, kuja uone," alimwita bibi. "Kijiti haifike tena. Mutoto iko anakomala, anakuwa mukubwa. Kule kwenye iko, iko anakomala."

Bibi alitazama ile mianya, akanitazama mimi na vidole vyangu vyenye simenti. Alijua yote. "Maji yakimwagika hayazoleki," aliniambia baadaye, akinisugua mikono kwa mawese. "Funga kinywa." Nikafunga.

Mama wa ng'ambo hakuchimba tena. Alikata tete jipya, refu zaidi, akaenda sokoni akanunua viatu. Kila kiangazi alirudi kupima, na kila kiangazi, sijui nikuambieje, kijiti cha mwaka uliopita hakikufika. Bibi alisema ni mizizi ya mpera uliokuwa kando ya jiko inayosukuma mianya. Alilisema hilo bila kuutazama mguu. Mama wa ng'ambo alipofariki walimzika na kijiti chake cha mwisho pindoni, na bibi alimfuata mwaka uleule.

Sasa jiko halipo, mpera umekatwa, nyumba ya jirani imekuwa duka la simu. Harufu ya ndagala ndiyo imebaki, na jua langu, limefifia. Nilimkuta kaka amesharundika mifuko ya simenti. Nikavua kiatu, mwanamke mzima mimi, nikaweka mguu kwenye ule wa kushoto: vidole vyangu vilipita mbali. Nikauweka kwenye wa kulia. Mguu wangu ulipotea mle. Ulikuwa mguu wa mwanaume.

Nilikata tete nikapima, nikalifunga kwenye kitenge. Sikuchukua kipande hata kimoja. Jumamosi kaka akamwaga zege lake.

Wiki iliyopita kanipigia simu ana hasira, analaumu simenti: zege limeshapasuka, palepale mbele ya jiko la zamani, na anataka kuziba ufa. Ningeweza kumwambia yote. Nilimwambia tu asizibe, aache nafasi.