Somoe Alipiga Hodi Magofuni

Anayetaka kucheka na acheke. Mimi sikusimuliwa, nilikuwepo, na wifi yangu Somoe yupo humu nyumbani mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile tulipohamishiwa kijijini, karibu na mdomo wa Ruvuma. Somoe ni mdogo wa mume wangu. Posa ilishapokewa, tunangoja korosho ziuzwe tumwoze. Siku hiyo tulikwenda kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kando ya magofu. Wazee walisema palikuwa mji mkubwa, misafara ya pembe za ndovu kutoka Nyasa ikiishia hapo. Sisi tulikuta kuta tu, na popo.

Mvua ikatukamata mchana kweupe. Tukakimbilia nyumba moja iliyobaki na kipande cha dari. Somoe alilelewa vizuri mno. Akasimama kizingitini, analowa, akasema, "Hodi humu."

Nikamwambia, "Unambishia nani, wifi? Hao popo?"

Akacheka. Ndani kukajibu, "Karibu, mwanangu."

Sauti ya mwanamke, ya upole. Kwetu ukikaribishwa unaingia, basi akaingia. Nikachungulia. Mwanamke amekaa chini, amejifunga kaniki, dari juu yake limetoboka, maji yanamwagikia kichwani, na kaniki yake kavu. Niamini, kavu kabisa.

Akauliza, "Msafara umefika?"

Somoe akamjibu kwa adabu, "Bado, bibi."

"Basi nipokee. Nimechoka kungoja."

Nilipopangusa maji usoni, mwanamke hayupo. Somoe amekaa pale pale alipokuwa yeye, mvua inamwagika juu yake, na khanga yake kavu.

Nilimburuta mpaka nyumbani. Shehe alisoma, mganga akachanja, wapi. Mchumba alivumilia weee, mwisho akaoa mwingine, huko mjini Nanyamba. Nimlaumu kwa lipi?

Sasa Somoe ana mvi. Hukaa barazani kwangu na kila apitaye humuuliza, "Msafara umefika?" Kuna karani mmoja wa bandarini alimtania, "Umefika, bibi." Akainuka anatabasamu, akashika njia ya porini. Tulimkamata kizingitini kule. Aliniuma mkono, kovu hili hapa.

Kwa hiyo magofuni usipige hodi. Kaa nje ulowane. Na ukipita kwangu Somoe akakuuliza, jibu bado. Usiongeze neno.