Mlango Nilioziba Mwenyewe

Lukoba ni ngome ya udongo. Yetu iko juu ya mlima, upande wa Likuyani: handaki lililowahi kumzidi mtu kimo, na nyuma yake ukuta uliorundikwa kwa udongo wa handaki hilo hilo. Mababu walijifungia humo na ng'ombe wao vita vilipowafuata. Siku hizi ukuta unanifika kiunoni. Ndani yake mna nyumba ya mama, kaburi la baba na mahindi.

Mwaka jana mkandarasi wa barabara aliutaka mlima wetu, achimbe maramu ya kutandaza barabarani. Afisa wa utamaduni, binti mpole mwenye futi ya kupimia, akaja kutoka mjini Kakamega kuona kama kweli ni ngome. Alizunguka mara mbili.

"Mtaro naona," akasema. "Lakini hata mitaro ya kuzuia mmomonyoko iko hivi. Ngome ina mlango. Nionyesheni mlango, niandike wasiguse hapa."

Mlango nilikuwa nimeuziba mimi. Miaka mingi nyuma ng'ombe wa jirani walipenya pale wakala mahindi yetu, nami, mwalimu wa historia mzima, nikajaza pengo udongo na kupanda nepia, majani ya kulisha ng'ombe, juu ya ukuta wote. Nilijiona mjanja. Sasa nepia ilikuwa sawa kila upande, na nilichokumbuka ni kwamba pengo lilikuwa upande wa magharibi, basi.

Nilichimba shimo la kwanza. Udongo. La pili, udongo. Binti akatazama saa, akatazama mawingu ya mvua upande wa msitu. Nilikuwa naona tingatinga juu ya kaburi la baba, na mkono ulioliita ni wangu.

Mama sikutaka kumuuliza. Siku hizi ananiita kwa jina la dada yangu aliyefariki, anatia chumvi kwenye chai. Niliogopa aropoke kitu mbele ya mgeni, halafu tupoteze hata hicho kidogo tulichokuwa nacho.

Akatoka mwenyewe na chupa ya chai, akifuata ukuta kwa ndani, polepole, akisema na kuku wake. Ghafla akaugeukia ukuta, akashika kichwa, akainama mpaka mgongo ukalala. Akapiga hatua moja kwenye nepia, ya pili, akakwama kwenye udongo wangu.

"Mgongo umemshika?" binti akauliza.

Haukuwa mgongo. Zamani juu ya mlango ule kulikuwa na boriti ya chini, ili adui aingie kichwa kwanza na rungu limngojee. Boriti ilioza kabla mama hajazaliwa. Lakini alipoolewa, nyanya alimfundisha kuinama, kama naye alivyofundishwa.

Nikachimba mbele ya miguu yake. Jembe likalia. Mawe mawili yalisimama yakitazamana, nafasi ya mtu mmoja katikati, ubavu wa kila moja umelainika kwa mabega ya watu. Binti akanyoosha futi yake akapima.

Nikakaa chini nikalia. "Mama, umejuaje ni hapa?"

"Wewe ulipitanga hapa mgongoni kwangu," akasema. "Kukua kidogo, ukawa unarukanga ukuta. Mimi ndio niliinamanga."