Springi ya Kalamu Yangu

Mpaka leo harufu ya mazutu, yaani dizeli, hunifanya niinue kichwa. Kwenye kituo cha mafuta wenzangu huziba pua; mimi hufungua dirisha. Hayo ndiyo yalikuwa manukato ya baba yangu, fundi wa pampu za dizeli pale Buyenzi, na sitaki mtu aniambie kwamba yananuka.

Baba alikuwa na pikapu nyeupe iliyobeba mpunga kutoka Buterere. Wakati ule wa vita mafuta yalikuwa machafu, yamechanganywa na vitu ambavyo Mungu ndiye anayevijua, kwa hiyo alivuta kibomba cha shaba kutoka kwenye pampu hadi ndani ya gari, akafunga saa ya kupimia presha mbele ya kiti changu. Kwenye kioo chake akatia alama kwa rangi nyekundu ya kucha ya mama. Mshale ukikaa kwenye alama, injini imeshiba. Ukishuka, chujio limeziba au springi ya valvu imechoka. Kuutazama ilikuwa kazi yangu, msichana wa miaka tisa, na niliifanya bila mzaha. Mama aliidai chupa yake ya rangi mpaka vita vikaisha.

Siku hizo mkubwa mmoja wa jeshi aliyekaa Kiriri alikuwa akichukua magari ya watu, gari pamoja na dereva wake, yapande milimani kwenye mapigano. La jirani yetu lilikwenda. Halikurudi, na dereva hakurudi. Kisha baba akapata habari kwamba wiki inayofuata ni zamu yake.

Kesho yake asubuhi akaniomba kalamu yangu ya kubofya, zawadi niliyopewa kwa kuwa wa kwanza darasani. Akaifungua, akachomoa kile kispringi chembamba, akakitia ndani ya valvu inayoshikilia presha ya mafuta, mahali pa springi yenyewe. Nililia sana.

"Sasa presha itakaa chini," akaniambia. "Na we utanyamaza."

Pikapu ikawa aibu ya mtaa. Baba aliizungusha Buyenzi nzima, inakohoa, inazimika kila kona, watu wanasukuma. Wenzangu wa shule wakatunga wimbo. Mafundi wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, na wateja wakaanza kupeleka pampu zao kwingine. Nilimkasirikia baba kwa moyo wangu wote.

Mkubwa alikuja Alhamisi, saa nne asubuhi, na miwani myeusi. Akashika usukani mwenyewe, baba akakaa mlangoni, mimi katikati, kwa sababu nilikataa katakata kushuka. Tukaelekea mlima wa Kiriri. Hatukufika mbali: gari liliishiwa pumzi, likatetemeka, likazimika.

"We fundi gani, gari yako mwenyewe inakushinda?"

"Imenishinda, shefu," baba akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia.

Damu ilinichemka. Nilitaka kumwambia yule mtu kwamba baba yangu huitambua pampu mbovu akiwa amefumba macho. Lakini yeye alikwisha kugusa kioo cha saa kwa kidole.

"Na iyi alama nyekundu ni ya nini? Mbona mushale uko chini yake?"

Baba alikuwa amekumbuka kila kitu isipokuwa rangi ya kucha.

"Ni mi nilipaka, shefu," nikasema. "Nilichezea rangi ya mama."

Baba akanizaba kofi. Halikuwa la kuigiza, niamini. "Mutoto mupumbavu! Kila kitu unaaribu!"

Mkubwa akacheka, akashuka. "Baki na takataka yako." Akaondoka akipanda mlima kwa miguu, viatu vyake vinavyong'aa vikijaa vumbi, nami shavu likiniwaka nilimtazama kwa furaha kubwa.

Baba akaachia breki, tukateremka bila injini. Tulipofika chini alinishika shavu kwa kiganja kilichonuka mazutu. "Umefanya vizuri, mama," akasema.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba shujaa wa siku ile nilikuwa mimi. Springi yangu ilirudi kwenye kalamu, lakini wateja wengine hawakurudi, na hata vita vilipokwisha baba hakumweleza mtu.

Tulipomzika, nilikuwa mtu mzima. Watu wamekaa msibani, fundi mmoja mzee, aliyefundishwa kazi na baba, akatania: "Alikuwa fundi kweli, lakini gari yake mwenyewe ilimushinda." Wanaume wakacheka. Hapo ndipo nilipoelewa bei aliyolipa: alikubali kuitwa fundi mbovu na watu aliowafundisha, ili arudi kwetu kila jioni.

Si desturi yetu mwanamke kuingia kwenye mkeka wa wanaume. Niliingia. Nikamwambia yule mzee atoe kalamu iliyokuwa mfukoni mwake, aifungue, nikamweleza springi kama hiyo, ya kalamu yangu, ilikaa wapi wiki ile.

Aliigeuza springi kidoleni, akaibonyeza. Macho yakamlowa. "Kumbe aliishusha presha yeye mwenyewe," akanong'ona.

"Sema kwa sauti," nikamwambia. "Wote wasikie."