Hati ya Nyumba Yaenda Benki

Fundi mwashi mmoja, mama wa watoto watatu, alishinda zabuni ya serikali ya kujenga daraja dogo. Kabla ya kusaini mkataba alitakiwa alete dhamana ya benki, ili akiiacha kazi njiani, benki iilipe serikali. Benki nayo ikataka hati ya nyumba.

Mumewe, fundi cherehani, aliitoa kabatini.

"Baba watoto, huogopi?"

"Roho iko mkononi! Lakini ukuta wa jikoni uliujenga ukiwa na mimba ya miezi minane, na mpaka leo haujapata ufa."

Mvua zilimsumbua, ila daraja lilikamilika kwa wakati. Benki iliporudisha hati, mume aliangua kilio. Mkewe akamfuta machozi kwa kiganja chenye saruji, huku akicheka.