Mafuta ya Kufikia

Juzi, kituo cha mafuta Msamala, mbele yangu kwenye foleni, dereva wa bajaji alikuwa akimweleza mkewe safari yao ya Ziwa Nyasa. Wangetoka Mbamba Bay kwa mashua ndogo ya tanga, wazunguke visiwa viwili, warudi na upepo.

"Upepo ukikataa?"

"Injini ipo." Akampa mhudumu dumu. "Weka lita tano."

"Zinatosha kwenda na kurudi?" mke akauliza.

"Za kufikia tu. Nyingine mbele kwa mbele."

Ndivyo tunavyoendesha Songea, taa ya mafuta ikiwaka wiki nzima. Mke akamshika mkono.

"Mbele wapi, baba? Kule ni maji matupu."

Mhudumu akaacha kumimina. Nami, juu ya pikipiki yangu, nilihisi miguu imelowa, kana kwamba ziwa limenifikia.